Farasi anayesita kroskantri: kabla ya kushusha kiwango, tafuta anasitia nini

Farasi akianza kusita kwenye kroskantri (mbio za kuruka vikwazo kwenye njia ya mashambani), wa kwanza kulaumiwa ni urefu wa vikwazo. Mpandaji anashuka kutoka sentimita 100 hadi 90, farasi anagoma palepale. Anashuka tena hadi 80, na bado anagoma. Sentimita zimeandikwa wazi kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa hiyo ni rahisi kuzishika. Lakini farasi mzima mwenye umbo la kawaida anavuka sentimita 90 bila shida. Kinachomsimamisha, mara nyingi zaidi, ni umbo asilolielewa, kasi isiyompa muda wa kuangalia, mwili unaouma, au mkono wa aliyempanda.

Angalia viwango vyenyewe vya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, vinavyohesabiwa kwa nyota. Vikwazo visivyotikisika vya nyota 2 havizidi mita 1.10, vya nyota 3 ni 1.15, vya nyota 4 ni 1.20, na vya nyota 5 ni 1.20 vilevile. Kutoka nyota 4 hadi 5 urefu haupandi hata sentimita moja, na bado hakuna anayedai kwamba viwango hivyo viwili vinalingana. Kinachopanda ni upana (chini ya kikwazo, kutoka mita 2.70 hadi 3.00), urefu wa njia, na ugumu wa maswali ambayo vikwazo vinamuuliza farasi.

Chini kabisa mambo ni hayohayo. Uingereza, daraja la BE80 (BE ni British Eventing, na namba ni urefu wa vikwazo kwa sentimita) linakimbiwa kwa mita 435 kwa dakika, BE90 kwa 450, BE100 kwa 475, kisha daraja la Novice la mita 1.10 linaruka hadi 520. Marekani, daraja la Beginner Novice lina vikwazo vya karibu sentimita 79, karibu sawa na BE80, lakini kasi yake ni mita 300 hadi 350 kwa dakika. Kwenye njia ya mita 2,000, mita 435 kwa dakika zinakupa dakika 4 na sekunde 36. Mita 350 zinakupa dakika 5 na sekunde 43. Urefu wa vikwazo ni karibu uleule, lakini farasi wa pili ana zaidi ya dakika nzima ya ziada ya kuangalia anachokiendea. Kwa farasi anayesita, dakika hiyo ina thamani kuliko kupunguziwa sentimita 10.

Kwanza: kusita kunaanzia wapi?

Kabla ya kugusa kiwango, mwombe mtu asimame ubavuni mwa kikwazo, mita 20 hivi, apige video ya farasi tangu anapokiona hadi anapotua au kusimama. Itazame polepole, uhesabu hatua za kanta (mwendo wa mbio za wastani). Mahali kusita kunapoanzia panakupa nusu ya jibu.

Akianza kufupisha hatua mbali sana, hatua kumi au zaidi kabla ya kikwazo, hajakisoma hata kidogo. Hataki kwenda mbele kwa ujumla. Hapo tafuta maumivu, uchovu, kuwaacha wenzake nyuma, au miguu ya mpandaji isiyofanya kazi.

Akisita hatua tatu au nne kabla, masikio yamesimama mbele na kichwa kinapanda na kushuka, huyo anasoma na hajaelewa. Ni tatizo la uzoefu, mwanga au umbo la kikwazo. Ni kusita kwa farasi mwenye afya, na ndiko kunakotibika kwa mazoezi.

Akija vizuri, kwa mdundo mzuri, halafu akasimama kwenye hatua ya mwisho, tazama kilichotokea chini ya kwato na juu ya tandiko. Aliteleza? Alifika mbali mno au karibu mno? Mpandaji alilala mbele ya shingo kabla ya farasi kuruka? Au aliinua miguu ya mbele kidogo kisha akairudisha chini, jambo ambalo mara nyingi lina maana kwamba kuruka kunamuuma?

Na usichanganye kugoma na kukwepa. Anayegoma amesimama mbele ya kikwazo. Anayekwepa amepita pembeni huku bado anakimbia. Karatasi ya matokeo inawapa wote adhabu 20, ila sababu zao ni tofauti na tiba zao ni tofauti.

Maumivu yatangulie kila kitu

Farasi aliyekuwa jasiri na sasa anasita, bila kuanguka wala kutishwa na kitu, achukuliwe kuwa anaumwa mpaka ithibitike vinginevyo. Usimshushe kiwango kwanza. Kumshusha kunaweza kuficha maumivu kwa miezi miwili mitatu, kisha tatizo linarudi likiwa limekomaa.

Dk. Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitengeneza orodha ya tabia 24 zinazoonekana farasi akiwa amepandwa: masikio yaliyolazwa nyuma, macho yaliyokodolewa, mdomo unaofunguka na kufungwa mara kwa mara, mkia unaopigwapigwa, kubadili mguu wa kuongoza bila kuombwa, kuburuta ncha za kwato za nyuma. Zikionekana 8 au zaidi, uwezekano wa maumivu ya misuli na mifupa ni mkubwa. Fanya ukaguzi huo kwenye uwanja tambarare, bila kikwazo, kwa dakika 10 hivi za troti (mwendo wa mchakamchaka) na kanta pande zote mbili. Ukifanyia kwenye kroskantri, msisimko utakuficha mengi.

Dalili nyingine zinaelekeza mahali hususa. Farasi anayepanda matuta kwa furaha lakini anagoma kila anapotakiwa kuruka kushuka, hasa ardhi ikiwa ngumu, apimwe kwato za mbele. Kutua kwenye mteremko kunabebesha miguu ya mbele mzigo mzito, na farasi mwenye maumivu ya sehemu ya nyuma ya kwato anajua hilo kabla hajaondoka ardhini. Kinyume chake, anayesita kwenye matuta ya kupanda na vikwazo vipana anaweza kuwa na shida ya magoti ya nyuma, kiuno au mgongo. Anayekunja uso au kujaribu kuuma mshipi wa tandiko ukikazwa, anayebakiza chakula na kukonda, achunguzwe vidonda vya tumbo kwa kamera, akiwa hajala kwa saa nyingi kama daktari atakavyoelekeza. Meno yaangaliwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Tandiko likaguliwe upya kila mwili wa farasi unapobadilika. Lililokaa vizuri akiwa mnene linaweza kumbana mabegani akishapata misuli.

Dalili: anagoma kikwazo cha kwanza au cha pili, kisha anakwenda vizuri

Hili karibu kamwe si suala la kiwango. Ukimshusha daraja, atagoma kikwazo cha kwanza cha daraja la chini.

Kikwazo cha kwanza kinamtaka aache farasi wengine, atoke kwenye boksi la kuanzia, na aruke kabla mwili haujawa tayari. Sababu ya kawaida ni kupasha misuli moto mapema mno, kisha kusubiri. Mpandaji anaruka dakika 25 kabla ya muda wake, ratiba inachelewa, farasi anasimama akipoa, halafu anatakiwa kuanza kwa kishindo. Panga hivi: troti na kanta dakika 15 hadi 20, vikwazo 6 hadi 8 kwa jumla, na cha mwisho ukiruke dakika 3 hadi 5 kabla ya kuanza. Kile cha mwisho kiwe kisichotikisika, siyo fito zinazodondoka, na ukijie kwa kasi utakayokuwa nayo njiani. Kisha tembea kwa duara karibu na boksi, ukiingia na kutoka, usimsimamishe ndani. Hesabu ya kuanza ikikaribia sifuri, awe anatembea kuelekea mdomo wa boksi.

Kama bado anakwamia hapo, fundisha kuacha kundi nyumbani. Wawili wakae pamoja, mmoja aondoke kwa kanta mita 50, aruke gogo dogo, arudi. Kisha mita 100. Kisha asirudi moja kwa moja.

Dalili: anagoma aina moja tu ya kikwazo

Mtaro na maji ndivyo vinavyoongoza. Hapa wapandaji wengi hushuka daraja bure, kwa sababu mtaro uko kwenye madaraja karibu yote, na ule wa sentimita 80 unaweza kuwa mweusi na wa kutisha kuliko wa sentimita 100 kwenye uwanja mwingine. Usibadili kiwango, badili uwanja. Piga simu kwa waandaaji, au tazama picha na video za njia ya mwaka uliopita, uulize: je, kuna mtaro usioepukika? Maji yana njia ya pembeni? Kuingia majini ni kwa kutembea kwenye mteremko au ni kwa kuruka kutoka kwenye tuta?

Huku nyuma, tibu tatizo lenyewe. Mtaro wa mazoezi uwe na upana wa sentimita 30 hadi 50, kingo zilizojengwa kwa mbao zisizoporomoka, na usiwe na kina cha kumtisha. Tanguliza farasi mzoefu, mita 5 hadi 6 mbele, wote wakitembea. Macho yako yawe juu ng'ambo ya mtaro. Ukitazama ndani yake, mwili wako unainama na farasi anatazama ulikotazama wewe. Shika manyoya ya shingo au mkanda wa shingoni, kwa sababu mruko wa kwanza huwa mkubwa na wa ghafla, na akivutwa mdomo hewani mara moja utakuwa umemfundisha kwamba mtaro unauma. Akisimama, mwache asimame akiangalia. Anaruhusiwa kusimama, kuinamisha kichwa, kunusa, kurudi nyuma hatua moja. Asichoruhusiwa ni kugeuka. Dakika tano za kusimama akiangalia zina faida kuliko duara kumi za kumrudishia mbio.

Akishavuka, mrudishe huku na kule mara sita au nane mpaka mruko uwe mdogo na wa kuchosha kutazama, kwanza akitembea, kisha kwa troti. Kisha acha. Siku inayofuata anza tena mwanzo. Utashangaa jinsi anavyopita hatua za mwanzo haraka. Gogo lililolazwa juu ya mtaro lije mwisho kabisa, baada ya mtaro mtupu kuwa jambo la kawaida.

Maji yanafuata utaratibu uleule, na sharti moja zaidi: chini pawe pagumu na pa uhakika. Farasi hajui kina cha maji kwa kutazama. Akiwahi kuzama hadi magotini kwenye tope, ana haki ya kutokuamini dimbwi linalofuata. Anza na maji ya sentimita 10 hadi 15, aingie na kutoka akitembea, asimame ndani mpaka apumue kwa kishindo na kushusha shingo.

Kanuni ya kuamua: akisita kwenye aina moja ya kikwazo, baki daraja lilelile na uchague uwanja. Akisita kwenye aina tatu au zaidi siku moja, shuka.

Dalili: A anaruka, B anagoma

A na B ni vikwazo vya mfululizo mmoja, vinavyorukwa kimoja baada ya kingine kwa hatua chache kati yake. Hapa ndipo kiwango kina neno kweli, na inafaa kupiga hesabu.

Hatua ya kawaida ya kanta ya farasi mkubwa inakadiriwa kuwa mita 3.6. Anatua karibu mita 1.8 baada ya kikwazo na anaondokea karibu mita 1.8 kabla ya kinachofuata. Kwa hiyo mfululizo wa hatua moja kwenye ardhi tambarare ni karibu mita 7.2, na wa hatua mbili karibu 10.8. Mbunifu wa njia anapima akimfikiria farasi anayekwenda mbele.

Sasa mchukue farasi anayesita. Amefika A taratibu, ameruka kama paka, anatua mita 1.2 tu. Hatua yake imefupika hadi mita 3.0. Kwenye mita 7.2, baada ya kutua na hatua moja ametumia 4.2, zimebaki 3.0 kufika B. Akiruka kutoka hapo, yuko mbali mno. Akiongeza hatua nyingine ya mita 3.0, pua yake iko kwenye mbao. Farasi mwerevu anasimama. Mpandaji anasema B ilimtisha, wakati kosa lilitendeka hatua tano kabla ya A.

Jibu la haraka la wengi ni kumfukuza kwa kasi kuelekea A. Linafanya kazi mara moja, kisha linaharibu, kwani kasi inampunguzia muda wa kusoma B. Anachohitaji ni nguvu kwenye mwendo mfupi: kanta yenye mdundo, kwato za nyuma zikisukuma, shingo ikiwa huru. Nyumbani, weka fito mbili chini kwa umbali wa mita 18. Zipite kwa hatua tano, kisha kwa hatua nne, kisha tena tano, bila kubadili mdundo. Akiweza kurefusha na kufupisha akiombwa kwa utulivu, weka vikwazo vya sentimita 50 mahali pa fito. Hapo ndipo uende kwenye mfululizo wa kroskantri.

Huku akijifunza, ingia daraja ambalo mifululizo yake ni michache na ina nafasi kubwa kati ya vikwazo. Mara nyingi hilo ni daraja moja chini, wakati mwingine mawili. Na kagua kama kuna njia mbadala. Milingoti yenye bendera zenye mstari mweusi inaonyesha uchaguzi wa njia: ndefu na rahisi, au fupi na ngumu. Kwa farasi wa namna hii amua njia ndefu tangu unapokagua njia kwa miguu, usisubiri kuamua ukiwa juu ya tandiko.

Dalili: anakwepa, na kila mara upande uleule

Kukwepa kushoto kila mara kwenye vikwazo vyembamba na kona ni tatizo la unyoofu. Farasi anakwenda bega la kushoto likiwa limetoka nje, mpandaji anavuta hatamu ya kulia, shingo inapinda kulia na mwili unateleza kushoto. Kadiri anavyovuta ndivyo anavyomsaidia kukwepa. Tumia hatamu ya kushoto ikilala shingoni, mguu wa kushoto nyuma ya mshipi, na upunguze kasi kabla ya mstari, siyo juu ya mstari.

Fanya mazoezi kwa mapipa yaliyolazwa: anza na matatu, kisha mawili, kisha moja, kwa fito mbili zilizoegemezwa pembeni kumwongoza. Ondoa fito moja baada ya nyingine. Kama hata hivyo ukwepaji wa upande mmoja haupungui ndani ya wiki nne au tano za kazi makini, rudi kwenye maumivu: pengine mguu mmoja haubebi uzito anapoondoka. Jicho nalo lipimwe. Ni nadra, lakini farasi asiyeona vizuri upande mmoja anaweza kuishi miaka bila mtu kugundua.

Dalili: anagoma robo ya mwisho ya njia

Farasi aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika. Mwishoni mwa njia, mtembeze dakika 10, kisha weka kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Yakiwa bado juu ya 80 siku isiyo na joto kali, pumzi haimtoshi. Kumshusha daraja kutasaidia kwa kuwa njia ni fupi na polepole, lakini dawa ni mazoezi: mara moja kila siku ya nne hivi, vipindi vitatu vya kanta vya dakika 3 hadi 4 kwa mita 350 hadi 400 kwa dakika, na dakika 2 hadi 3 za kutembea katikati. Ukiongeza kitu, ongeza muda kabla ya kasi.

Kama mapigo yanashuka vizuri na bado anagoma mwishoni, angalia njia ya mwishoni inaelekea wapi. Njia nyingi hurudi karibu na maegesho na mazizi, na farasi anayegoma kwa kuvutwa na wenzake hugoma akiwa anapita hapo.

Dalili: anasita anapoingia kivulini

Macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea giza baada ya mwanga mkali. Kikwazo kilichowekwa hatua mbili ndani ya msitu, saa sita mchana, kwake kinatokea ghafla. Tena bluu na njano anaziona, lakini nyekundu na kijani zinamchanganya. Ndiyo maana Uingereza iliamua kuachana na rangi ya chungwa kwenye vikwazo vya mbio za farasi na kutumia nyeupe. Gogo la kijani kwenye nyasi za kijani ni gumu kulisoma kuliko linavyoonekana kwako.

Punguza kasi hatua sita kabla ya kivuli na umwachie kichwa. Farasi hupandisha na kushusha kichwa ili kuona vizuri kilicho mbele; ukikifunga kifuani kwa hatamu, unamziba macho. Kiwango hakihusiki hapa.

Dalili: mazoezini hasiti, mashindanoni anasita

Mazoezini unarudia kikwazo mara tatu, mashindanoni anakiona mara moja. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwa hiyo fanya mazoezi ya kikwazo kigeni: nenda kwenye uwanja asioujua, ruka kila kitu mara moja tu, usirudie. Ukiona anasita pale, umepata kiwango chake cha kweli, na ni kile anachoruka mara ya kwanza bila kuulizwa tena.

Ardhi nayo ifikiriwe. Farasi aliyeteleza akiondoka hukumbuka. Kwenye nyasi zenye umande juu ya udongo mgumu, tumia vijino vidogo vyenye ncha kwenye viatu vya kwato. Kwenye tope, vikubwa na butu. Visiwe vikubwa kuliko inavyohitajika, kwa sababu kwato isiyoteleza kabisa inapeleka mshtuko kwenye viungo.

Na kuna mpandaji. Mtu mwenye hofu huacha kupumua, hukaza magoti, na miguu yake huachia ubavu wa farasi hatua tatu kabla ya kikwazo, pale hasa farasi anapouliza twende au tusiende. Ikiwa mpandaji mwingine mzoefu anampeleka daraja lilelile bila kusita, basi anayehitaji kushuka daraja ni wewe, na kushuka huko ni kwa faida ya wote wawili. Endesha daraja ambalo wewe unalala vizuri usiku wa kuamkia.

Kuchagua daraja, kwa vitendo

Kigezo cha kwanza: nyumbani na kwenye viwanja vya mazoezi, awe anaruka kwa raha daraja moja juu ya lile unaloingia. Kigezo cha pili: kabla ya kupanda, awe amemaliza safi mara tatu kwenye viwanja vitatu tofauti. Mara tatu kwenye uwanja uleule zinapima kumbukumbu yake. Na "safi" iwe na maana ya hakusita, siyo tu kwamba hakuandikiwa adhabu. Sheria zina vipimo vyake. FEI kwa mfano inahesabu matokeo ya kufuzu kuwa dresaji (sehemu ya kuonyesha mwendo na utii wa farasi) isiyozidi adhabu 45, kroskantri bila adhabu ya kikwazo na isiyozidi sekunde 75 juu ya muda, na kuruka uwanjani kusikozidi adhabu 16. Hayo yanakuruhusu kuingia. Hayasemi kwamba farasi wako yuko tayari.

Kigezo cha tatu kinafanyika siku ya kukagua njia kwa miguu. Chukua ramani, weka vema kwenye kila kikwazo ulicho na uhakika nacho, alama ya swali pale anapoweza kusita, na msalaba pale unapotegemea agome. Msalaba mmoja usio na njia mbadala unatosha kujiondoa. Alama za swali zisizidi tatu, na zisiwepo kwenye vikwazo vitano vya kwanza, kwa sababu hapo ndipo anapojenga ujasiri wa kuvuka vingine.

Usiingie kwa ajili ya saa. Kila sekunde juu ya muda inagharimu adhabu 0.4; kugoma mara moja ni 20. Unaweza kuchelewa sekunde 50 nzima kabla ya kulipa bei ya kugoma mara moja, mradi usizidishe mara mbili ya muda uliowekwa, kwani hapo unatolewa. Mwache aje kwa troti kwenye mtaro, mwache aangalie maji.

Akigoma, geuka papo hapo, rudi hatua tano au sita za kanta tu, mnyooshe, umlete tena kwa mwendo mfupi wenye nguvu. Duara kubwa linampa muda wa kufikiria kuondoka. Kugoma mara ya pili kwenye kikwazo kilekile ni adhabu 40, ya tatu ni kutolewa. Usisubiri ya tatu. Ukiona anarudi nyuma, jasho limetoka ghafla, au anajaribu kugeuka kabla hujafika, inua mkono, ondoka njiani ukitembea. Akitolewa akiwa amegoma mara tatu amejifunza kwamba kugoma kunamaliza kazi. Akiondoka kabla, unaweza kumpeleka siku chache baadaye kwenye kikwazo cha umbo lilelile, nusu ya ukubwa, na farasi wa kumtangulia.

Utasikia pia kwamba farasi fulani "anachoshwa na vikwazo vidogo, mpandishe atajitahidi." Wapo wachache wa namna hiyo, na unawatambua kwa kuwa wanagonga vikwazo kwa uzembe, masikio yakiwa pembeni, bila kusita hata kidogo. Anayesita hachoshwi. Ukimpandisha atavuka mara mbili kwa kushtuka, ya tatu atagoma kwenye kikwazo kisichosamehe.

Unapompandisha hatimaye, chagua tambarare, ardhi laini, njia isiyo na mtaro kwenye vikwazo vitano vya kwanza na yenye njia ndefu kwenye kila mfululizo. Baada ya hapo mrudishe daraja la chini mara moja au mbili kabla ya kupanda tena, hata kama alimaliza safi.